Leza ya Darasa la Tatu

Shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, ni mtu wa kujua. Anauza tochi, chaja na redio ndogo karibu na geti la mpaka hapa Busia, upande wa Uganda, na kila kinachoingia dukani kwake lazima akieleze, hata kama kimeandikwa Kichina. Kwa hiyo alipopata tochi ya leza, kitu cheusi kama kalamu nene, chenye mwanga wa kijani, hakuweza kutulia. Aliileta moja kwa moja kwenye kibanda changu cha ushonaji, kwa sababu huko ndiko kulikuwa na watu wa kumsikiliza.

Ubavuni mwa tochi palikuwa na karatasi ya njano iliyoandikwa "Class 3B". Shemeji aliisoma kwa sauti, akatabasamu.

"Praimari ya tatu, stirimu ya B," alisema. "Hii iko ya shule, shemeji. Hata mtoto nakamata."

Mteja wangu mmoja, dereva wa lori kutoka upande wa Kenya aliyekuwa akingoja suruali yake, alimcheka.

"Si shule, bwana. Ni kama treni ya zamani ya Malaba. Fasti klasi ni ya wakubwa, thadi klasi ni ya watu kama sisi. Ikiwa thadi, haina nguvu."

Walibishana kidogo, kisha wakakubaliana kwamba kwa vyovyote haiwezi kumdhuru mtu. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuona pande mbili za mpaka zikielewana upesi hivyo, na walielewana juu ya upuuzi.

Ili kuthibitisha, shemeji alichomeka njiti ya kiberiti kwenye kitambaa, akaimulika. Ikawaka. Iliwaka yenyewe, kwa mwanga mtupu, nao wakapiga makofi. Hakuna aliyejiuliza ni mtoto gani wa darasa la tatu anayepewa kitu cha kuwasha moto kwa mbali. Nilimwambia aizime. Alisema, "Wacha kuogopa," akageuka nayo ikiwa bado inamulika, na mwanga ukapiga kioo kikubwa ambacho wateja hujitazamia. Kioo kikanirudishia mimi.

Sikuumwa. Hilo ndilo linaloniudhi hadi leo, kwamba sikupata hata nafasi ya kupiga kelele. Niliona kijani, nikapepesa, na katikati ya kila kitu pakabaki doa.

Jicho lililopigwa ni la kulia, na la kushoto ni hafifu tangu nilipougua surua utotoni. La kulia ndilo lililokuwa likishona. Ndilo lililotunga sindano na kunyoosha mishono ya magomesi, yale magauni marefu ya mabega yaliyochongoka, ya mabibi harusi hadi kijiji cha Masinya. Bila hilo sina kazi, nina cherehani tu. Shemeji aliagiza nidondoshewe maziwa ya mama anayenyonyesha, akamtafuta mwenyewe. Nilidondoshewa. Nikawa na jicho bovu linalonuka maziwa.

Kule Tororo, daktari wa macho alinichungulia kwa muda mrefu, kisha akauliza tochi iliandikwa nini. Nilipomwambia, pamoja na habari ya praimari na treni, alishika kichwa. Hizo klasi ni za hatari, alisema, namba ikipanda hatari nayo inapanda. Ya kwanza haidhuru jicho. Ya tatu B inaweza kuunguza nyuma ya jicho kabla hujapepesa, hata ikitokea kwenye kioo. Ya nne huunguza mpaka ngozi. Nikamuuliza langu litapona lini.

"Pale palipoungua hapashoneki, mama," alisema. Hakujua kazi yangu.

Shemeji alikuja na kuku kuniomba msamaha. Alisimama mbele ya cherehani, akauliza kama sasa namwona. Nilifumba jicho la kushoto, nikamtazama usoni kwa la kulia. Palikuwa na masikio mawili na kola ya shati.

"Masikio naona, shemeji. Kichwa ndio sioni."

Alicheka, akidhani yameisha. Gomesi ya watu ilikuwa inangoja, kwa hiyo nikampa sindano na uzi anitungie. Alitunga mara moja tu, bila hata kukunja uso. Ana macho mazuri sana, yule mtu. Nilimchukia kwa moyo wangu wote, nikapokea sindano, nikasema asante.