Mama Asiye wa Kikundi Chetu

Iko siku moja, mwanangu, ambayo hata nikisahau mengine yote, hiyo haitanitoka. Ilikuwa mchana mweupe, jua la Ruiru limesimama juu ya vichwa vyetu, nami nilikuwa nimelala chali kwenye vumbi la timbo, nimekufa.

Usishtuke. Nilikuwa nimekufa kwa ajili ya filamu. Nitakueleza polepole, maana najua ninyi vijana wa leo mnashika simu, mnapiga filamu yenu huko Kamakis asubuhi, na jioni watu wa mbali wamekwisha kuiona. Siku zetu kamera ilikuwa ya kanda. Tuliiazima kwa mtu wa kupiga picha za harusi, na ilibidi irudi mapema kwa sababu kulikuwa na harusi Kiganjo.

Filamu yenyewe ilihusu timbo lililoporomoka. Timbo, kama hukulelewa huku kwetu, ni machimbo ya mawe ya kujengea: ukuta mrefu uliokatwa wima, na chini yake shimo pana ambamo sauti yako inakurudia ikiwa imebadilika kidogo. Mwongozaji wetu, kijana aliyeitwa Mburu, hakutaka steringi, yule shujaa mkuu wa filamu. Watu walimcheka. Wakati huo mtu akiingia kwenye kibanda cha video aliuliza kwanza, "Steringi ni nani?" kwa sababu steringi hafi, na ukishamjua unaweza kutulia kwenye benchi ukala njugu zako bila wasiwasi. Mburu alisema anataka filamu ambayo mtazamaji hamjui yeyote ndani yake, ili amwogopee kila mmoja.

Nimetazama filamu nyingi tangu siku hizo, na bado naamini alisema kweli. Filamu yenye nyuso nyingi ngeni, ikiigizwa vizuri, hukunyima raha. Hujui ni nani atakayetoka hai, kwa hiyo unalazimika kuwatazama wote.

Sisi tuliokuwa ndani yake ndio hatukutazamana.

Tulikuwa vikundi viwili. Changu kilitoka Thika, nasi tulifanya mazoezi katika ukumbi wa kanisa. Kingine kilikuwa cha Ruiru. Kila kikundi kilikuja na watu wake: mashangazi, majirani, watu wa kwaya, yeyote aliyekubali kulala vumbini au kusimama kama umati. Na kila kikundi kilikuja na sufuria zake. Tulikuwa na adabu za watu wasiojuana, mwanangu. Unasalimia, unatabasamu, unarudi kwa wenzako.

Miongoni mwa watu hao alikuwapo mama mmoja mrefu, mwembamba, mwenye sweta ya kijani iliyofungwa vifungo vyote mpaka shingoni ingawa joto lilikuwa kali. Alisimama karibu na ukuta wa mawe tangu tulipofika. Hakuketi. Hakuongea. Aliwatazama tu watu wakipakwa vumbi usoni, mmoja mmoja, kwa makini sana, kama mtu anayesubiri jina lake liitwe hospitalini.

Wakati wa chai nilimuuliza Wairimu, msichana wa kikundi cha Ruiru aliyekuwa akipakua, "Yule mama yenu mbona hamumpi chai?"

"Wetu? Huyo ni wa Thika," akasema. "Sisi wa Ruiru tunakula, hatukondi hivyo."

"Si wetu. Sijawahi kumwona."

"Basi amekuja na kina Mburu. Atajipakulia."

Tukacheka, tukaendelea kunywa. Tuliulizana sisi kwa sisi. Yeye mwenyewe hakuna aliyemuuliza.

Baada ya chai tukapangwa kuwa maiti. Watu waliokubali kufa hawakutosha, kwa hiyo chini kabisa ya ukuta, pale mawe yalipokuwa yamejirundika, wakaongeza mengine kidogo na kutandaza shuka juu yake, ionekane kama mtu aliyefunikwa. Mimi nililazwa karibu na kijana wa kwetu aliyeitwa Kim.

"Nimelalia jiwe linanitoboa figo," Kim akanong'ona.

"Wewe ni maiti, nyamaza."

"Hata maiti wa huku hawapumziki, aki."

Mburu akapaza sauti: aliyekufa asipumue, asikune pua, kamera inaanza. Halafu kukawa kimya. Sijui nikueleze vipi kimya cha timbo wakati wa adhuhuri. Mashine zilikuwa zimezimwa kwa ajili yetu. Vumbi tulilotimua lilikuwa limening'inia hewani bila kwenda popote. Aliyetakiwa kuingia wakati huo alikuwa Guka Kamande, babu wa kikundi chetu, aliyestaafu kutoka kiwanda cha nguo huko Thika na ambaye aliigiza msimamizi aliyenusurika. Badala yake nilisikia hatua nyepesi, za miguu isiyo na viatu.

Nilifungua jicho kidogo. Alikuwa yule mama.

Aliinama kwa maiti wa kwanza, akamgusa shavu, akakaa hivyo kidogo. "Una joto," akasema. Akaenda kwa mwingine. "Una joto." Akaja kwangu. Vidole vyake vilikuwa vikavu kama karatasi. Alinifuta vumbi midomoni kwa kidole gumba, taratibu, namna mama anavyomfuta mtoto uji, akanitazama. "Wewe ni wa mama mwingine," akasema, akavuka.

Nilidhani Mburu ndiye aliyempa maneno hayo. Niliona wivu, nikawaza, mbona mimi sikupewa maneno mazuri hivi.

Akamgusa Kim. Akawagusa wote. Mwisho akafika kwenye shuka iliyofunika mawe. Aliingiza mkono chini yake na hakuutoa upesi.

"Huyu ni baridi," akasema. "Huyu ndiye wangu."

Akaketi. Akafungua vifungo vya sweta, kimoja kimoja, akaivua na kuitandaza juu ya shuka.

"Kata," Mburu akasema. Tukainuka sote, weupe wa vumbi toka kichwani hadi miguuni, tukapiga makofi. Mwangwi wa makofi ukaturudia kutoka ukutani, umechelewa kidogo.

"Huyo mathe ni moto," Kim akasema. "Mimi nilisahau naigiza."

Mburu akamwendea akitabasamu. "Mama, umeua. Tutarudia mara moja tu, nisogeze kamera."

"Nirudie nini?" akauliza. "Nimeshampata."

Wengine walicheka. Mburu akamwambia sawa, lakini asimame basi wapange vizuri. Mama akatikisa kichwa. "Siwezi kumwacha. Amekaa peke yake muda mrefu."

Hapo kicheko kikaisha. Mburu akatugeukia sisi wa Thika, nasi tukawatazama wa Ruiru, na wa Ruiru wakatutazama sisi. Ndipo ilipotujia, sote kwa wakati mmoja, kwamba tangu asubuhi kulikuwa na mtu kati yetu ambaye hakuletwa na yeyote.

Guka Kamande ndiye aliyesogea. Alipiga magoti kwa shida, karibu naye, akasema, "Mama, mimi ni Kamande. Wewe unaitwa nani?"

Akajibu mara moja, kama aliyekuwa akingoja swali hilo tu. Aliitwa Nyambura, Mama Kariuki, mkazi wa mtaa wa Kiandutu, Thika. Mwanawe alikuja kukata mawe hapo hapo, na siku moja sehemu ya ukuta ikashuka. Mwenye timbo alisema Kariuki hakufika kazini siku hiyo, kwamba ametorokea Mombasa kama vijana wengine. "Mtoto wangu alikuwa analala mlangoni mwangu," Nyambura akasema. "Mombasa angeendaje bila kuniambia?" Hakukuwa na mwili, kwa hiyo hakukuwa na maziko. Kila alipokuja kuomba pafukuliwe, alifukuzwa langoni. Halafu akasikia vijana wakipita Kiandutu wakisema kutakuwa na wafu timboni. Leo lango lilikuwa wazi kwa ajili ya waigizaji. Akaingia nasi.

"Nikasema nije nichukue wangu," akamaliza. "Nikawakuta hawa wote wana joto. Nikajua ninyi mnacheza. Lakini huyu hachezi."

Guka akainuka, akatutazama. Hakupaza sauti. Nadhani angepaza ningeweza kuyasahau maneno yake.

"Mama huyu amesimama hapa tangu asubuhi," alisema. "Mmekunywa chai mbele yake. Mkasema ni wa Ruiru, mkasema ni wa Thika. Mmekuja kuigiza waliofiwa, na mfiwa mwenyewe mkamwona ni pambo la filamu."

Mburu alitazama jua, akatazama kamera. "Guka, muda unatuishia," akasema kwa unyonge. "Tumalize hii, halafu tuone."

"Tukimaliza, lango linafungwa. Halafu ni nani atakayemchimbia?"

Mburu alisimama pale, na nilimwona akipigana na nafsi yake. Filamu ile ilikuwa maisha yake. Kisha akaichukua kamera na kuirudisha kwenye begi lake, akakunja mikono ya shati.

Tulichimba, mwanangu. Wakata mawe waliokuwa wakitutazama kwa mbali waliogopa mwanzoni, maana walihofia kufukuzwa kazi. Halafu mmoja akaja na mtaimbo, kisha mwingine. Hebu fikiria picha ile: watu waliopakwa kuwa wafu, kimya, wakimtafuta maiti. Hakuna aliyefanya mzaha. Nyambura alikaa pembeni akiwa ameikumbatia sweta yake, akituonyesha kwa kidole, pale, hapana, sogea huku, kama mtu anayeelekeza fundi nyumbani kwake. Sijui alijuaje.

Chini ya jiwe pana tulikuta buti la mpira. Halikuwa tupu.

Guka alikwenda barabarani kuita polisi. Nyambura hakulia. Alisema tu, "Niliwaambia ni baridi." Alilia siku ya maziko, kwenye makaburi ya Thika, kilio kirefu kilichotulia mwishoni kama mtoto anayepitiwa na usingizi. Sote tulikuwapo, wa vikundi vyote viwili, na siku hiyo kila mmoja alijua jina la mwenziwe.

Filamu tuliimalizia mahali pengine. Mburu alikwenda kumuuliza Nyambura kama afute sehemu yake. Akajibu, "Iache. Watu wapaone mahali alipokuwa." Tulipoionyesha Ruiru, ukumbi ulijaa, na watu waliuliza yule mwigizaji wa ajabu ni nani. Tuliwaambia ukweli. Wengine husema hadi leo kwamba pale anapoingiza mkono, shuka inainuka kidogo na kushuka, kama kifua cha mtu. Mimi huwaambia ni upepo. Lakini nilikuwapo, na hewa ilikuwa imesimama.

Sasa nikuambie kwa nini nimekueleza haya. Najua umepewa sehemu isiyo na maneno, ya kupita tu nyuma ya wengine, na umeudhika. Usiudhike. Filamu isiyo na steringi ni kazi ngumu na nzuri, kwa sababu hakuna mtu mmoja wa kuibeba. Inabebwa na macho ya kila aliyemo. Cheza sehemu yako hiyo ndogo kwa moyo wote, naamini utaiweza. Ila kabla hujauliza una maneno mangapi, muulize aliyesimama kando yako anaitwa nani na ametoka wapi. Muulize yeye, usimuulize jirani yake. Usiseme ni wa kikundi kingine, atahudumiwa na wenzake. Huenda hana wenzake. Huenda amekuja kutafuta kitu ambacho wewe unakiigiza tu. Na hili si la filamu peke yake. Ni la kazini, la kanisani, la ploti unayopanga, mlango kwa mlango.

Nenda basi, mwanangu, Mungu akutangulie. Akupe macho ya kuona watu na ulimi mwepesi wa kuwauliza majina. Na siku utakapokuwa wewe ndiye umesimama pembeni bila mtu, akuletee mmoja wa kupiga magoti karibu nawe na kukuuliza jina lako.