Mota na Redio Kwenye Betri Moja

Enzi zetu za miaka ya themanini, hapa Karungu, mtoto alijiundia mchezo kwa mikono yake, kisha akaadhibiwa kwa ajili yake. Siku hizi hununuliwa mchezo, na ukiharibika huulaumu mtandao. Mjukuu wangu Ochieng', anayeniandikia haya, ana boti ya rimoti yenye kamera. Kila mota inapozunguka, picha hujaa mistari kama godoro la bweni. Msomi huyu aliiuliza simu yake, nayo ikamshauri anunue kamera nyingine. Mimi, ambaye sikuwahi kukalia dawati, nilimwuliza kamera na mota hutumia betri ngapi. Moja, akajibu kwa fahari.

Nami niliwahi kuwa na akili nyingi kama hizo. Nilichonga boti kutoka kwa patipati, ndara kuukuu ya mpira, nikaitia mota ya kinanda cha kaseti kilichokufa, na kwa kuwa sikuwa na mawe ya tochi, nikavuta waya kutoka kwenye betri ya gari iliyowasha redio ya baba. Boti ikazunguka ndani ya karai nyuma ya nyumba, katikati ya harufu ya omena, dagaa wa ziwani, walioanikwa, nami nikajiona mhandisi.

Ndani, saa ya matangazo ya vifo ilikuwa imewadia. Wakati huo hata aliyekuwa akitafuna muhogo aliacha. Shangazi, dada wa pekee wa baba, alikuwa mgonjwa kisiwani Mfangano alikoolewa. Redio ikavuma kama mzinga wa nyuki. Baba aliipiga kofi, akanyoosha eriali, akaishutumu serikali na mvua ambayo haikuwa imenyesha. Aliambulia neno moja tu, Mfangano. Kisiwa kina watu wengi, akajiliwaza.

Siku ya nne, mchuuzi wa samaki kutoka kisiwani alimpa baba pole ya mazishi ambayo baba hakuyajua. Baba akabeba redio hadi kwa fundi. Fundi akataka kujua ni kitu gani kingine kilichofungwa kwenye betri ile. Nikaitaja boti, nikitarajia fimbo.

"Atieno," baba alisema, "dada yangu amezikwa mimi nikisikiliza boti yako."

Fundi alinieleza kwamba mota hurusha cheche, na redio hunywa chochote kipitacho kwenye waya. Kila kimoja kipewe betri yake. Nyaya za mota zisokotwe pamoja na kuwekwa mbali na eriali. Kapasita ndogo, ya kumeza cheche hizo, iunganishwe kwenye miguu miwili ya mota. Baba hakuivunja boti. Aliniamuru niyafanye yote hayo, niiwashe, kisha niketi naye jioni baada ya jioni nikisikiliza majina ya wafu wa watu wengine, yakisikika wazi kabisa.

Jana Ochieng' alitenganisha betri, na picha ikatakata. Kweli hiki ni kizazi kilichobarikiwa. Msiba wa Homa Bay humfikia kwenye simu kabla maiti haijapoa, bila mvumo hata kidogo. Naye hutuma kikaragosi chenye chozi, akarudi kwenye mchezo. Baba yangu, aliyesikia neno moja tu, alivuka hadi Mfangano akaketi siku tatu kando ya kaburi lililokwisha kufunikwa.