Askari wa Bure Mfukoni

Nakumbuka, mwanangu, nilivyoamini kwa moyo wote kwamba askari wa kwanza unayemla kwenye chesi, ukimtia kwenye mfuko wa shati upande wa moyo, huwezi kushindwa. Kinyozi mmoja wa Mbita aliniapia: kuna mzee wa Rusinga alifanya hivyo, akawafunga Waganda arobaini kabla chai haijapoa. Nami msomi wa ngumbaru, niliyeweza kuandika jina langu kwa mikono yote miwili, nikameza.

Nilikuwa shule ya jioni pale Migori. Ilibaki nafasi moja ya kwenda kuichezea shule Mombasa, na mshindi angekwenda na mkewe. Akinyi wangu hakuwa ameiona bahari. Alilipiga shati langu pasi mpaka kola ingekata mkate, akalitangazia soko zima la Kisegi kwamba tunakwenda pwani.

Jumapili ya kuamua nilicheza weusi dhidi ya Chacha, fundi baiskeli wa Ntimaru, mpole kama maji ya mtungini. Akasogeza askari wa malkia hatua mbili. Nikamzuia kwa wangu. Kisha akasukuma wa pembeni yake, akamwacha wazi, hana mlinzi.

"Omera, ndugu yangu, umelala?" nikamcheka.

"Kula tu, kaka. Karibu."

Nikala, nikatia mfukoni. Sikuona kwamba askari wangu amehama kutoka katikati ya ubao, na katikati ndipo njia zote hupita. Badala ya kutoa farasi wangu, nikaita askari wengine wamlinde yule mlafi. Chacha akawachokoza kwa askari wa ukingoni, tukalana, na mara malkia wake akatoka, akasimama akitazama mshazari mtupu mpaka ngome yangu ya kona.

"Ngome au farasi, kaka? Chagua utakachonipa."

Cha bure ni ghali, mwanangu. Nililipa vyote, na safari ya Mombasa juu.

Siku ya kufua, Akinyi akamkuta askari mfukoni. Akamweka mezani. "Baba Atieno, hiki ndicho tulichoshinda?" Alikufa bila kuiona bahari.

Basi sikia. Ukiachiwa kitu, kichukue ukitaka, lakini usihamishe nyumba nzima kwenda kukilinda. Mwenyewe akikitaka, mwachie. Wewe toa farasi wako, rudi ushike katikati. Mungu akupe macho ya kuuona ubao wote, na anayekupigia shati pasi usimrudishe mikono mitupu.

Chacha alikuja kwenye matanga ya Akinyi. Nikamwuliza mbona mfuko haukunisaidia. Akanitazama kwa huruma.

"Kaka, mfuko ni wa kutilia kitambaa. Na yule askari sikukupa. Nilimweka kwako, kama kwetu mtu anavyomweka ng'ombe kwa jirani amtunze. Ungekunywa maziwa, ukarudisha ng'ombe, tungekuwa sawa."