Harusi Iliyoingia Ndani ya Kopo

Nakumbuka asubuhi ya harusi ya dada yangu Vestine, mwanangu, kwa sababu wenzangu walikuwa wakipiga vigelegele na mimi nimekaa nyuma ya jiko nalia. Ilikuwa hapa hapa Gisenyi, mtaa wa Mbugangari, miaka ile ya mwisho ya tisini, nasi tumerudi kutoka Kongo si zamani. Mjomba Deo, aliyenifundisha kazi ya picha, alikuwa Goma, ng'ambo ya mpaka, na kamera yake, na mpaka ulikuwa umefungwa tangu alfajiri. Mama yetu hakuwa na picha hata moja ya harusi yake mwenyewe. Zote zilipotea njiani tulipohama. Nilikuwa nimemwahidi kwamba hii ya Vestine ataitundika ukutani.

Nyogokuru, yaani bibi yetu mzaa mama, alinikuta pale. Hakunibembeleza.

"We mutoto, unalilia nini?"

"Kamera iko Goma, Nyogokuru."

"Na jua? Nayo wameifunga ku mupaka?"

Maneno yale yaliniuma, kisha yakanichekesha. Mjomba alikuwa ameniambia mara nyingi kwamba kamera, ukiivua mapambo yake yote, ni giza lenye tundu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nami niliinama kweli, chini ya kitanda cha mama, nikavuta makopo yake ya maziwa ya unga na kumwaga maharage yaliyokuwamo. Nikayapaka masizi ya sufuria ndani, nikatoboa kila moja tundu dogo kwa sindano, nikaliziba kwa plasta. Karatasi za picha na dawa za Mjomba zilikuwa stoo, chumba kisicho na dirisha alichokuwa akisafishia picha. Nikajifungia humo, nikakunja karatasi moja ndani ya kila kopo, nikayafunika vizuri.

Watu waliponiona naweka kopo juu ya kiti mbele ya maharusi, walicheka hadi kushikana mabega. Bwana harusi, Faustin, seremala wa Nyamyumba, akauliza, "Bon, shemeji, tunapigwa picha ao tunapewa chai ya maziwa?"

Nikawaeleza: nikibandua plasta, mtu asitikisike mpaka niibandike tena. Kwa muda gani? Hilo sikulijua.

"Tuimbe wimbo moja, pole pole," akasema Nyogokuru. "Ikiisha, ufunge."

Basi harusi nzima ikasimama kama miti, ikaimba kwa midomo tu. Mbuzi wa jirani peke yake ndiye aliyepita katikati, naye hakuna aliyethubutu kumfukuza.

Tuliimba mara mbili, kopo moja kwa kila wimbo, kisha nikajifungia stoo na dawa. Kopo la kwanza lilinitolea karatasi nyeusi tupu. Lakini la pili, mwanangu! Dada yangu alijitokeza kwenye beseni, kwanza kinyume, weupe ukiwa weusi, na nilipomlaza juu ya karatasi nyingine na kuimulika taa, huyo hapo, ametulia na shela lake. Kwa kuwa karatasi ilikuwa imejikunja, nyumba za jirani nazo zilijipinda kama zinacheza ngoma. Midomo ya waimbaji ilikuwa moshi. Na Nyogokuru, aliyetoa amri, alikuwa amepiga makofi wimbo wote. Mikono yake haikuonekana, ila ukungu mweupe pande zote mbili. Mbuzi, aliyepita bila kusimama, hakuwepo kabisa.

Mama aliishika picha kwa ncha za vidole. Halafu akaangua kicheko: "Yoo! Muone mama, ameota mabawa!" Wageni wakaacha sahani zao wakaja kuzozana nani ni nani.

Mjomba alivuka kesho yake, akawapiga maharusi picha nzuri zenye kila unywele mahali pake. Ya kopo akaitazama sana pale ukutani, akaniambia, "Na mi unitobolee moja."

Mwanangu, kila siku waniambia huna chombo hiki, huna kile. Ukikosa titi la mama, hata la mbwa huamwa. Ijue kwanza kazi yako, kiini chake ni nini; ukishakijua, hata vyombo vya jikoni vitakutumikia. Watu wakikucheka, cheka nao, lakini usiache unachofanya. Na jaribio la kwanza likiharibika, fungua la pili.

Mungu akupe macho ya kuona kilicho karibu nawe, akupe na watu watakaosimama kimya kwa ajili yako wakati unajaribu. Kazi ya mikono yako ikufurahishe hadi uzeeni. Nenda na baraka zangu.