Mparachichi wa Kwenye Debe

Joto limeanza, na jirani ananisumbua tena: mparachichi huu utoe kwenye ndoo, uupande ardhini kabla ya vuli, mizizi imeshajikunja. Nimeumwagilia tu. Harufu ya udongo mkavu uliopata maji imenipanda puani, ikanirudisha utotoni, kule kwetu mlimani.

Baba alikuwa anachimba shimo pembeni ya matuta ya kabichi, shati limemganda mgongoni. Mche wa mparachichi ulikuwa kivulini, chini ya migomba. Mimi nilishika kopo la maji, situlii, maana mjomba alikuwa anashuka kwa haraka. Nikamwamkia. Akanipita.

"Shemeji," alimwambia baba, "kabichi panda mpaka uchoke. Karoti, njegere, sawa. Mti hapana."

Kwetu shamba ni la ukoo wa mama, na anayepanda mti anaonekana anataka ardhi. Baba alikuwa ameoa tu pale.

"Nimesikia, shemeji."

Mama alikuwa akipalilia hatua chache kutoka hapo. Hakuinua kichwa.

Baba akafukia shimo, akauweka mche kwenye debe. Tangu hapo kila asubuhi alilihamisha: leo uani, kesho kando ya jiko, keshokutwa mlangoni. Siku alipoondoka, nguo zake aliziacha kambani. Debe alilibeba begani.

"Kwani kiwanja si chako?" jirani ananiuliza.

Ni changu. Nimeinua ndoo, nimeisogeza karibu na mlango.