Mwidani, Mnyoosha Picha

Mwaka wa sitini na mbili hapakuwa na televisheni hata moja Mombasa iliyoonyesha kitu, na hilo halikumzuia Mwidani Khatibu wa Timbwani kuwa fundi wa televisheni. Matangazo yalikuwa ya Nairobi. Huku pwani hewani hamkuwa na picha, mlikuwa na kunguru. Lakini masanduku yalishuka Kilindini vipande vipande, yakaungwa katika karakana moja ya Changamwe, kisha yakapanda treni kwenda bara kwa wenye uwezo wa kukaa kitini na kutazama watu wengine wakikaa vitini.

Kazi ya Mwidani ilikuwa kukilinganisha kioo na fremu yake. Kioo cha siku zile kilikuwa tumbo la chupa kubwa yenye shingo nyuma, na mbele yake hukaa fremu ya bati iliyopakwa rangi ya dhahabu. Mwidani alikipakata kile kioo kama mwana mchanga, akakilaza ndani ya sanduku la mbao, akakaza skrubu za pembeni huku kidogo na kule kidogo, maana ukikaza upande mmoja kwa pupa, chupa hupasuka na wewe ukazikwa na vigae vyake. Kisha huwasha umeme. Kimashine kimoja kilileta mistari kiooni, ya kusimama na ya kulala, mfano wa wavu. Hapo Mwidani huenda nyuma ya sanduku, akaishika koili, ile pete ya nyaya iliyovaa shingo ya chupa, akaizungusha taratibu, macho yake yakitazama kioo cha kujitazamia kilichotundikwa ukutani mkabala, mpaka mistari ilale sawa na fremu.

Lililobaki ni pindo. Ukingo wa picha haukuwa mzuri, ulikuwa na manyuzinyuzi kama mkeka usiomaliziwa. Kwa hiyo fundi huikuza picha kwa kuzungusha kifundo cha nyuma ya sanduku, ukingo ukaingia chini ya fremu usionekane. Msimamizi wa karakana, Gershom, Mtaita mpole mwenye kalamu sikioni, alimwagiza aufiche kiasi cha upana wa ukucha. Mwidani akaona ukucha ni uchi. Yeye alilelewa na shangazi yake, Mwanarehema, aliyemfunza kwamba nguo ya heshima haionyeshi mshono. Akaficha upana wa kidole kizima.

“Bwana Mwidani,” Gershom alimwambia, “unakula picha ya watu.”

“Watu gani? Ni mistari.”

“Iko siku itakuwa watu.”

“Watu wa heshima hukaa katikati.”

Gershom alicheka akaenda zake. Masanduku yakaendelea kupanda treni, kila moja likiwa limenyooka kama safu ya Ijumaa na limepungua kidole kila upande.

Ubaya wa jicho la Mwidani ni kwamba lilikataa kubaki karakanani. Alivuka nalo feri ya Likoni kila jioni, na kabla hajatoa salamu nyumbani lilikuwa limeshaona. Mkeka umekaa mshazari. Pazia limepinda. Sinia limetundikwa chini kuliko mwenziwe. Mkewe, Barke, binti wa Bofu, mwanamke wa kucheka hata akiwa peke yake jikoni, aliweka vitu pale mkono wake ulipochoka. Mwidani alipita nyuma yake akivinyoosha. Akiletewa kikombe cha kahawa alikisogeza, akakitazama kwa jicho moja, akakirudisha kidogo, ndipo akanywa. Hata mto wa kitandani uliambiwa pa kukaa. Na alimpenda Barke, wallahi, alimpenda mpaka akiwa karakanani alikuwa akitabasamu peke yake nyuma ya masanduku. Ila alimpenda kama alivyopenda kila kitu, kwa kukirekebisha.

Siku moja alasiri Barke alijitanda leso kwenda arusini kwa jirani. Mwidani akamsimamisha mlangoni.

“Ngoja. Leso yako iko upande.”

“Iko upande kwa sababu nina nyonga.”

“Nyoosha. Maandishi yapanda mlima.”

“Yaache yapande. Yakifika juu yatashuka.”

Wanawake waliokuwa wakimngoja barazani waliangua kicheko, na kicheko kile ndicho kilichomponza Mwidani. Mke mkaidi angeweza kumstahimili. Mke mkaidi mwenye watazamaji, hapo hakuwa amefunzwa na mtu. Akatoa talaka. Na kwa kuwa hakupenda kitu kibaki nusu, akazitoa zote tatu palepale, moja kando ya nyingine, zikalala sawasawa.

Barke alimtazama. Akaingia ndani akachukua kifurushi, akatoka akaenda zake kwao Bofu na leso yake vilevile upande.

Mwidani alijuta kabla vumbi la nyayo zake halijatua. Lakini talaka tatu si skrubu ukairudisha nyuma. Mke wa namna hiyo harudi kwa mumewe mpaka aolewe na mwanamume mwingine, ndoa ya kweli, kisha mwanamume huyo amwache kwa hiari yake. Mwidani akamwendea shangazi yake, nyumba ya pili.

“Shikamoo, shangazi.”

“Marahaba, mjinga wangu. Kaa chini.”

Bi Mwanarehema hakuwa mwanamke wa kulia penye kazi. Eda ya Barke ilipokwisha alimchukua mpwawe wakaenda kwa mwalimu mmoja wa Bofu, mtu wa dini na haya. Mwalimu akawasikiliza, akatikisa kichwa.

“Ndoa si kanzu ya kuazimana, Bi Mwanarehema. Mkiweka sharti kwamba amwache, imeharibika.”

“Hatuweki sharti, mwalimu. Twamtafutia tu mume ambaye Barke mwenyewe hatamtaka.”

Mwalimu alitazama paa.

Basi shangazi na mpwawe wakazunguka pwani nzima wakitafuta mwanamume asiyetamanika, na Mwidani, kwa jicho lake lile lisilokosea, ndiye aliyemwona. Aliitwa Abdillahi, mpiga fidla katika kikundi kidogo cha taarabu cha Mishomoroni. Fidla ilikuwa imempandisha bega moja na kulishusha la pili. Kofia yake ilimlalia sikioni. Jicho moja lilitazama Kisauni na jingine lilikuwa limeshavuka daraja la Nyali. Hakuwa na kitu hata kimoja mwilini kilichokuwa sawa na kingine. Mwidani alimtazama akahisi kizunguzungu, na moyo wake ukatulia.

“Huyu,” alimnong’oneza shangazi. “Huyu hamalizi wiki.”

Barke alipoulizwa kama amekubali, alisema haya. Hakuna aliyemuuliza ni haya ya namna gani.

Wakaoana. Wiki ikapita. Mwezi ukapita. Ikasemekana feri nzima kwamba Abdillahi ameitwa na wenzake kwenda kupiga Nairobi, na ameondoka na mkewe. Wavuvi wa Timbwani, watu wasiokuwa na adabu wakati samaki ni wachache, walimuuliza Mwidani kila alfajiri kama mgeni wake ameshamrudishia chombo.

“Ameniibia,” Mwidani alimwambia shangazi yake. “Amemzuia. Barke hana njia, yuko ugenini, hana mtu.”

“Atarudi, inshallah,” alisema Bi Mwanarehema, akaipaka nyumba ya mpwawe chokaa. Mvua ikaja ikaiosha. Akaipaka tena.

Mwidani aliishi kwa imani hiyo moja: kwamba Barke anazuiwa, na anayezuiwa hulia. Ndiyo maana, wiki ya uhuru ilipokaribia na habari zikashuka kwamba kikundi cha kina Abdillahi kitapiga kwenye televisheni, wanawake wao wakiwa waitikiaji, Mwidani alimfuata Gershom akamwomba kama mtoto. Masanduku ya Changamwe yalikuwa yamewekwa katika ukumbi mmoja Nairobi kwa ajili ya wageni waalikwa, na karakana ilitakiwa itoe fundi wa kuyaangalia.

“Nikiuona uso wake ntajua,” alisema. “Akilia, kesho yake namwendea, namtoa kwa mahakama au kwa fimbo. Nipeleke mimi.”

“Na asipolia?” aliuliza Gershom.

Mwidani alimtazama kama mtu aliyesemeshwa kwa lugha ya kigeni. Gershom akachomoa kalamu sikioni akamwandika jina.

Ukumbini ndipo Mwidani alipowaona watu ndani ya sanduku lake kwa mara ya kwanza. Walikuwa watu kweli. Walitembea, walipiga saluti, walihutubia. Na waliokaa pembeni walikuwa wamekatwa. Mheshimiwa mmoja alikuwa na sikio moja. Mwingine alikuwa goti tu. Wageni walinung’unika kidogo lakini hawakushangaa sana, maana mwaka ule kila mtu mkubwa alikuwa akisukumana kukaa katikati, na waliobanwa pembeni walijulikana kuwa wamebanwa.

Kisha ikaja taarabu. Katikati, chini ya kofia iliyolala, Abdillahi na fidla yake. Kando yake mstari wa wanawake wenye matari. Mwidani aliwapitia mmoja mmoja mpaka mwisho wa mstari, na mwisho wa mstari ulikuwa mkono. Mkono ulioshika tari, na bangili aliyoijua kwa sababu aliinunua yeye. Mwenye mkono alikuwa chini ya fremu. Upana wa kidole kizima.

Akakimbilia nyuma ya sanduku, akakishika kifundo, akakumbuka hana kioo cha kujitazamia. Mhudumu mmoja alikuwa akipita na sinia akiwakaribisha wageni, kijana wa Kigiriama kwa matamshi yake, aitwaye Katana. Mwidani akamshika mkono.

“Ndugu yangu, wewe ni wa kwetu. Simama mbele ya hiki kitu. Tazama pembeni, kushoto. Waona nini?”

“Naona mkono.”

Akazungusha. “Sasa?”

“Mkono na bega. Bwana, picha yote yanywea. Wazee wanalalamika.”

“Waache wazee. Sasa?”

“Shingo. Sasa uso.”

“Analia?”

Katana alikisogelea kioo, sinia mkononi.

“Ndugu, nakuuliza. Analia?”

“Alie nini? Anacheka. Anamtazama huyu wa fidla, mwenye kofia ya kuanguka, na meno yote nje.”

“Tazama vizuri. Pengine ni kicheko cha wimbo.”

“Wimbo ni wa huzuni, bwana. Wenziwe wote wamenuna. Ni yeye tu.”

Mwidani akaja mbele. Picha ilikuwa imenywea katikati ya kioo, manyuzinyuzi yake nje, uchi wa mnyama, na wageni walikuwa wameanza kupiga miluzi. Pembeni kabisa alikuwa Barke. Leso imepanda begani upande mmoja, upande wa pili imeshuka. Alikuwa akicheka kama alivyokuwa akicheka jikoni, mlango ukiwa umefungwa. Mwidani akasimama hapo mpaka wimbo ukakoma na wanajeshi wakaingia.

Hata hivyo asubuhi alikwenda. Kuona meno ni jambo moja, na matumaini ya mwanamume ni jambo lisilo na aibu. Aliwauliza Waswahili wa Pumwani, wakamwelekeza, akapiga hodi. Barke alifungua, akajifunika kichwa, akasimama nyuma ya ubao wa mlango.

“Mwidani. Nyumbani hawajambo?”

“Hawajambo. Nimekuja kukuchukua.”

Abdillahi alitokea nyuma yake na kikombe cha chai, akamwona mgeni, akaona haya kwa jicho moja.

“Bwana Mwidani, wallahi mimi sikumzuia,” alisema. “Talaka yake ninayo. Nilimwambia siku ya pili tu ya ndoa, akiitaka ni yake. Kila Ijumaa namuuliza.”

“Na kila Ijumaa namwambia anyamaze ale,” alisema Barke.

Mwidani alimwonyesha Abdillahi kwa kidole. “Amekupa nini huyu?”

Barke alifikiri. Hakuwa na hasira, na hapo ndipo Mwidani alipoanza kuogopa.

“Hajanipa kitu,” alisema. “Kwake nikiweka kikombe, hukaa nilipokiweka.”

“Hayo nimeyaacha, Barke. Nimekoma. Waulize Timbwani. Siku hizi sitazami hata mkeka.”

Alikuwa akiyasema haya ameinama kidogo, kama mtu anayeomba, na mkono wake ulikuwa umeshafika kizingitini, ukivipanga viatu vya Abdillahi, cha kushoto sambamba na cha kulia, visigino ukutani. Barke aliutazama ule mkono. Abdillahi aliutazama. Mwisho Mwidani naye akautazama, akaurudisha mfukoni.

“Nenda salama,” Barke akamwambia kwa upole, akaurudisha mlango.

Treni ilimshusha Mombasa, feri ikamvusha, na Timbwani shangazi yake alikuwa amesimama mbele ya nyumba nyeupe pepe, leso mpya kichwani, akitazama nyuma ya mpwawe kama kuna mtu anayekuja polepole.

“Yu wapi?”

“Hakuzuiwa, shangazi.”

Bi Mwanarehema alikaa kwenye ukingo wa baraza.

“Nilimtafuta mbovu kuliko wote,” alisema. “Wallahi, hakuna pwani hii aliye mbovu zaidi.”

“Najua. Tulimtafuta pamoja.”

“Na mimi, je? Hakunisalimu?”

Barke alikuwa hakumtaja. Mwidani aliutazama uso wa mzee wake.

“Alikusalimu sana,” alisema. “Alikutaja kabla ya mtu mwingine yeyote.”

Hapo ndipo Bi Mwanarehema alipolia, akilisifu jina la Barke, mwana mwema, asiyesahau watu. Mwidani alimwacha alie salamu zake. Yeye akapita ndani, akatokea uani, akaikuta mbuzi ya kukunia nazi, akaikalia, mwanamume mzima na suruali ya safari, akalia na yake.