Nadhiri ya Kutoshuka Daraja

Shemeji yangu alikuwa mtu mwema, na naanza na hilo kwa sababu yatakayofuata huenda yakamfanya msomaji adhani vinginevyo. Aliswali, alifunga, alimpenda dada yangu kwa namna yake, na hakuna aliyebisha hodi kwake akaondoka na njaa. Ila Mwenyezi Mungu humjaribu kila mja kwa lake, na yeye alijaribiwa kwa klabu moja ya mpira ya kaskazini mwa Uingereza.

Aliipata ujanani, alipopelekwa huko kusoma kutoka Unguja. Mzee aliyempangisha chumba alimchukua uwanjani Jumamosi ya kwanza, akamvisha skafu ya sufu kwa ajili ya baridi, na habari yake ikaishia pale. Wenzake walirudi kutoka Ulaya na digrii. Yeye alirudi na digrii na skafu, na katika miaka thelathini iliyofuata ni skafu iliyopata matunzo. Timu yenyewe, kwa kadiri nilivyoelewa, ilikuwa imetwaa kombe mara moja, zamani sana, na wengi walioshuhudia walikuwa wameshatangulia mbele ya haki.

Dada yangu, mke wake, alikuwa na haja moja duniani: kwenda Hija. Sote tulikuwa tukiishi Maryland, wao Lanham na mimi Takoma Park, ambako Jumamosi mchana nilifundisha chuo cha Qurani katika chumba cha mikutano cha jengo letu, kwa watoto walionisikiliza kwa Kiswahili na kunijibu kwa Kiingereza. Dada alikuwa mpishi katika shule ya watoto, na akiba ya safari yake ilikuwa tayari kitambo. Alichokosa ni mume wa kufuatana naye. Kila mwaka shemeji aliahidi mwaka ujao. Mara kazi imembana, mara mgongo unamuuma, na mwaka mmoja, naomba radhi kulisema, timu ilikuwa imefika nusu fainali. Ikapita miaka kumi na moja. Mimi, kaka mkubwa na mwenye kusoma, nilitimiza wajibu wangu, nao ulikuwa kumhimiza asubiri. Nilikuwa hodari mno wa kumhimiza mtu mwingine asubiri. Nilimsomea aya, nikamtajia thawabu, kisha nikarudi kwangu kulala.

Msimu ninaousimulia ulikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, wakati Ramadhani ilipoangukia majira ya baridi na magharibi iliingia mapema kama zawadi. Timu ilikuwa mkiani. Si karibu na mkia. Mkiani penyewe, na timu zote za ligi zikiwa juu yake. Mechi hizo zilionyeshwa katika baa moja ya Waingereza, Jumamosi saa nne asubuhi kwa saa zetu, na shemeji alikwenda hata akiwa amefunga. Alilipa kiingilio, akaketi mbele ya glasi ya maji asiyoigusa, akaangalia wanaume kumi na mmoja wakimwaibisha. Naamini hapakuwa na mtu mwingine Marekani nzima aliyetoka baa na saumu yake ikiwa salama na moyo wake ukiwa umevunjika.

Jioni moja tulifuturu kwao. Timu yake ilikuwa imefungwa mabao manne asubuhi hiyo. Shemeji alikula tende moja, akaweka mkono juu ya meza, akanitazama.

"Shekhe, uwe shahidi. Naweka nadhiri kwa Mwenyezi Mungu: hawa wasiposhuka daraja, mwakani nampeleka mke wangu Makka."

Msomaji aelewe kwamba kwetu nadhiri si maneno ya kupoza hasira. Mtu akishaitamka na sharti lake likatimia, imemkaa shingoni, hana pa kukimbilia. Ilinipasa nimkemee palepale kwa kuifunga Nyumba ya Mungu kwenye msimamo wa ligi ya Uingereza. Nilikuwa na hoja zote, na Kiarabu chake. Lakini dada yangu, aliyekuwa akimimina uji, aliuacha mkono wake hewani, akamwangalia mumewe kana kwamba ndiyo kwanza anamwona. Akaenda jikoni. Aliporudi alikaa karibu na mumewe, akauliza, "Zimebaki mechi ngapi?"

Nami sikukemea. Niliinamisha kichwa nisikie jibu.

Tangu siku hiyo nyumba yao ilipata mshabiki wa pili, na wa kutisha kuliko wa kwanza. Dada yangu alikuwa hajawahi kutazama mpira hadi mwisho. Ndani ya wiki mbili aliujua msimamo wote kuanzia chini, kwa kuwa wa juu hawakumhusu. Aliuliza maana ya tofauti ya mabao, na alipoelezwa alikasirika, akasema basi yale manne waliyofungwa Ramadhani yangeweza kumzuia mtu asifike Arafa. Kwa mara ya kwanza katika ndoa yao walikuwa na mazungumzo marefu wakati wa chakula, na yote yalimhusu beki wa kati, jibaba moja lenye kugeuka polepole hivi kwamba ungeweza kutia udhu kabla hajamaliza.

Jumamosi tukaanza kufuatana watatu. Mimi na dada hatuingii mahali panapouzwa pombe, hivyo tulibaki garini, nje ya baa, na chupa ya chai ya tangawizi na maandazi kwenye kitambaa. Shemeji aliingia peke yake kwa niaba yetu sote, kama mjumbe. Tulikaa tukiutazama ule mlango saa mbili nzima. Nina miaka mingi ya ibada, nimekesha misikitini huku na huku, lakini sijui kama nimewahi kuutazama mlango kwa unyenyekevu kiasi kile.

Habari tuliletewa na fundi magari mmoja, Mkenya wa Nairobi, mshabiki wa timu iliyokuwa ikishinda kila kitu. Alikuwa akitoka kuvuta sigara na kuegemea dirisha letu kutupa matokeo, na kejeli juu yake bila malipo.

"Mzee, hawa wako si wa kuombewa dua," aliniambia siku moja. "Ni wa kuswaliwa jeneza."

"Zima sigara hiyo, mwanangu," dada akamjibu kabla yangu, "usije ukawatangulia."

Lakini dua niliomba. Nalikiri hapa, maana Mola analijua tangu lilipotokea. Mtu niliyezoea kuombea wagonjwa, wasafiri na mvua ya nyumbani, nilijikuta katika sijda namwomba Muumba wa mbingu na ardhi ampe yule kipa wao macho. Jina lake sikuweza kulitamka, nikasema tu, yule mrefu, Wewe unamjua. Nilijipa fatwa kwamba siombei mpira, namwombea dada yangu, na mpira ni sababu tu. Ilikuwa fatwa nzuri. Nimegundua kwamba fatwa ninazojitolea mwenyewe huwa nzuri daima.

Na tazama, majira ya kuchipua yalipofika wakaanza kushinda. Wiki ya Idd Kubwa, wakati mahujaji wa mwaka ule wakionekana kwenye televisheni na nguo zao nyeupe, timu ilishinda mara mbili mfululizo ikapanda juu ya mstari wa kushuka daraja. Dada alitazama Arafa kisha akatazama mabao, na machozi yalimtoka kwa vyote viwili. Akanunua vitambaa vyeupe, akashona kanzu mbili na mitandio. Nilimwonya asifanye haraka. Akaniuliza kama miaka kumi na moja ndiyo huitwa haraka. Nikanywa chai yangu.

Siku ya mwisho ya ligi ilikuwa Jumapili. Walihitaji sare tu. Hata ushindi haukuhitajika. Walitakiwa wasifungwe zaidi ya walivyofunga, kazi ambayo hata mimi na magoti yangu ningeona aibu kuishindwa. Tuliegesha gari mapema. Dada alikuwa na tasbihi, na chai hakuna aliyeigusa. Fundi alitoka wakati wa mapumziko akasema ni moja kwa moja. Akarudi tena zikiwa zimebaki dakika ishirini, akasema bado ni moja kwa moja na kwamba shemeji amesimama juu ya kiti. Kisha hakutoka kwa muda mrefu.

Alipotoka hakuwa na sigara. Alikuja hadi kwenye dirisha la dada yangu, akainama.

"Pole, mama," akasema. Hakuongeza mzaha wowote, na hapo tukajua.

Tulisimuliwa baadaye. Yule jibaba wa kati, akiwa hana adui karibu, alimrudishia kipa mpira kwa upole mkubwa, kama mtu anayempa mgeni mto wa kuegemea. Mshambuliaji wa upande wa pili akaufikia kwanza. Zilikuwa zimebaki dakika tatu.

Shemeji alikuja akaketi kiti cha nyuma na skafu yake mapajani. Uso ulikuwa umemshuka. Nilimwonea huruma ya kweli, kwani alichofiwa nacho kilikuwa na umri mkubwa kuliko ndoa yake. Nilikuwa kwenye usukani na sikuwasha gari. Aliuliza kwa sauti ndogo, "Shekhe, ile nadhiri?"

Nikamjibu kama kitabu kinavyosema. Ilifungwa na sharti, sharti halikutimia, hana lililomlazimu. Nilijibu kwa utulivu na kwa usahihi, na nikaona hata sauti yangu imependeza. Kisha nikamgeukia dada ili nianze, kama kawaida yangu, habari ya subira.

Alikuwa akinitazama.

"Kaka," akasema, "maharimu wa mwanamke katika safari ya Hija ni nani na nani?"

Nilidhani huzuni imemchanganya. Swali hilo nililisomesha chuoni kila mwaka. Nikaanza kuwahesabu wanaume wanaoruhusiwa kufuatana naye, kama ninavyowahesabia watoto: mume wake, baba yake, mwanawe, ndugu yake wa kiume.

Nilipofika hapo nikanyamaza.

"Endelea," akasema. "Watoto wa miaka tisa wanaijua orodha hiyo. Nimewasikia."

Sikuwa nimeisahau hukumu. Nilikuwa nimeifundisha bila kukosea hata herufi. Ila kwetu mume ndiye humpeleka mke Makka, hiyo ni heshima yake, na kaka akijitokeza ni kama kutangaza mtaani kwamba shemeji ameshindwa. Basi nilikuwa nikimstahi shemeji. Yeye naye, nilikuja kujua, aliona aibu kunitaka mimi nimsaidie. Na dada alitustahi sote wawili. Kwa adabu yetu nzuri tulimsubirisha mwanamke miaka kumi na moja, kisha tukamkabidhi kwa beki wa Kiingereza. Na nikisema kweli yote, nilikuwa nimeshahiji ujanani, na joto la Mina nililikumbuka vizuri.

"Nikupeleke mimi?" nikasema. Lilitoka kama swali, na nilistahili jinsi alivyoniangalia.

"Usije ukaweka nadhiri," akasema. "Nitajie mwezi tu."

Nikamtajia mwezi. Akageuka nyuma, akamwambia mumewe kwa sauti ya upole kabisa kwamba anamwomba ruhusa mbele ya kaka yake. Shemeji aliikunjua skafu, akaikunja tena.

"Nenda," akasema. "Nenda, mke wangu. Uniombee." Halafu akauliza, "Na mimi je? Siwezi kufuatana nanyi?"

"Wewe baki," dada akamwambia. "Watakuhitaji huko chini."

Fundi, aliyekuwa bado amesimama dirishani, alicheka akashindwa kujizuia, na shemeji mwenyewe akacheka, kicheko kibovu cha mtu aliyetoka mazikoni. Wiki hiyohiyo shemeji mwenyewe alitupeleka kupiga picha za pasipoti katika duka moja la Lanham. Mpiga picha alimwambia dada afumbe mdomo, asitabasamu, ndivyo serikali inavyotaka. Alijaribu. Picha tatu ziliharibika. Shemeji alisimama kando ameshika mkoba wake, na nilimsikia akimweleza mpiga picha, bila kuulizwa, kwamba mkewe anakwenda Hija na kaka yake, mtu wa dini sana, na kwamba jambo hili wamelipanga siku nyingi.

Sikumsahihisha. Alhamdulillahi, nami nilikuwa na la kusitiriwa.